Prof wa Maneno Yenye Majina Mawili

Prof wetu wa Kiingereza alikuwa na koti moja la kijivu, na koti hilo lilitufundisha kuandika kuliko kitabu chochote. Alikuwa akiandika neno ubaoni, anatupa muda wa kulitazama, halafu anavua koti na kulitundika kwenye msumari aliokuwa amepigilia juu ya ubao. Koti likining'inia pale, neno halionekani tena.

"Sasa muandike," anasema. "Na muntu asiniangalie mimi. Kwa sura yangu hakuna kitu iliandikwa."

Hakulivaa tena mpaka darasa zima liandike neno lile bila kosa. Nyabiondo asubuhi ya mvua si mahali pa kuvua koti, na Prof alikuwa mwembamba kama mti wa mihogo. Siku ya neno "neighbour" tulikosea mara tatu mfululizo. Sisi wasichana wa mbele tulimwonea huruma tukajitahidi. Wavulana wa nyuma walikuwa wamegundua kwamba wakikosea makusudi, Prof anatetemeka zaidi. Alisimama amekunja mikono, meno yanagongana, akawaangalia mmoja mmoja.

"Mukiniua na baridi," akasema, "bantu batauliza nani aliniua. Mutajibu ni jirani. Na hata ile jirani yenyewe hamujue kuiandika."

Tulicheka mpaka prefe, mkuu wetu wa shule, akaja kuchungulia dirishani. Lakini tangu siku ile sijawahi kukosea "neighbour", na sidhani kama wale wavulana wanakosea, popote walipo.

Kwetu Kongo kila mwalimu wa sekondari anaitwa prof, kwa hiyo Nyabiondo maprof walikuwa wengi. Lakini ukisema "Prof" tu, bila kuongeza kitu, hata muuza mihogo alikuonyesha nyumba moja, ile yenye mlango wa bluu nyuma ya kanisa. Mkewe mwenyewe alimwita Prof. Yeye naye alimwita mkewe Mama Prof, ingawa mama yule hakuwahi kuingia darasani. Alikuwa mkulima wa maharagi na mihogo, na ndiye aliyewalisha.

Mimi nilifika kwake mwaka wa tatu nikiwa na hofu. Baba alikuwa ameniambia waziwazi kwamba Kiingereza kikinishinda nitarudi kwenye shamba la maharagi, na pale hakuna anayerudia mwaka. Dikte yangu ya kwanza, yaani imla, nilipata mbili juu ya kumi. Nilikuwa nimeandika kila neno kama nilivyolisikia, kama tunavyoandika Kiswahili. Prof alinirudishia kaye yangu, daftari langu, bila kunikaripia.

"We uko na masikio nzuri sana," aliniambia. "Njo shida yako."

Halafu akaeleza darasa zima jambo ambalo nilikuja kulirudia kwa wanafunzi wangu mwenyewe mara nyingi. "Hapa kwetu, muntu iko na majina mbili. Ya nyumbani, na ya karte ya kitambulisho. Kwa nyumba banakuita Kadogo, kwa karte umeandikwa jina ingine murefu, na ukienda kwa biro ya serikali ukisema 'mimi Kadogo', hawakujue. Neno ya Kiingereza njo vile. Iko na jina ya nyumbani, ile unasikia. Na iko na jina ya karte, ile unaandika. Mujifunze yote mbili."

Basi tukajifunza yote mawili. Kwa sauti ya kwanza tulisema "Wenzdei", kwa sauti ya pili, tukipiga makofi, tulisema "Wed-nes-day", kila herufi ikisikika kama inavyosikika kwetu. "Naifu" ilikuwa jina la nyumbani, "k-ni-fe" jina la karte. Watu waliopita njiani wakienda sokoni walifikiri tunafanya mazoezi ya kwaya.

Na ile k ya mwanzo wa "knife", isiyosikika, aliiita mukwe.

"Mukwe akikuja kwako, anasemaka?"

"Hapana, Prof!"

"Anaomba kitu?"

"Hapana, Prof!"

"Lakini ukimukosesha kiti?"

Darasa likalipuka, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa na mjomba au shangazi aliyewahi kuvunjiwa posa kwa sababu ya kiti. Kwa hiyo herufi zote zisizosema zilikuwa wakwe: b ya "lamb", w ya "write", gh ya "night", hawa wawili waliokuja pamoja wakakaa kimya pamoja. Kwenye kaye zetu tuliwachorea kila mmoja kiti chini yake. Kaye yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa na viti vingi kuliko kanisa.

Alikuwa pia na njia ya maharagi. Kila Jumatatu tulileta gao moja la maharagi makavu. Tuliweka punje moja kwa kila herufi, nyeupe kwa zile zinazosema, nyekundu kwa wakwe. Prof alipita katikati ya madawati akigeuza punje kwa ncha ya kalamu yake ya biki. Mwisho wa wiki maharagi yote yalikwenda kwa Mama Prof kwenye sufuria. Wazazi walinung'unika kidogo, mpaka siku Mama Prof alipowaalika wazazi wote na kuwapakulia. Prof akasimama katikati ya wale walaji na kutangaza kwa fahari, "Leo munakula 'photograph'." Baba yangu alitafuna polepole, akauliza kama lile neno halina chumvi.

Kitu kimoja alichokichukia ni kuandika neno mara mia. Maprof wengine walitoa adhabu hiyo, na mwanafunzi alirudi na kurasa sita za kosa lilelile, kwa sababu alikosea kwenye mstari wa pili na akalinakili mpaka mwisho. "Mukono inafanya kazi, kichwa inalala," alisema Prof. Yeye alitupa kaye ndogo tuliyoiita hospitali. Neno ulilokosea lililazwa humo. Ulilitembelea leo, kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Likiandikwa vizuri mara nne bila kutazama, liliruhusiwa kwenda nyumbani na ulilikata kwa mstari. "Receive" ilikaa kwenye hospitali yangu mwaka mzima. Nilifikiri itafia pale.

Sasa niseme na upande wa pili, maana Prof alikuwa mtu, si malaika.

Wanafunzi wake waliandika Kiingereza kuliko wote Masisi nzima, lakini hakuna aliyeweza kukizungumza kikaeleweka. Jina la karte lilikuwa limeua jina la nyumbani. Prof mwenyewe, akiongea kwa hamasa, alisema "be-a-u-ti-fu-li" na "k-no-wi". Siku moja alikuja mgeni kutoka mbali, mtaalamu wa magonjwa ya mihogo, mtu anayezungumza Kiingereza tangu tumboni. Prefe alituita tumpokee. Prof alimtolea hotuba ya dakika tano. Mgeni alitikisa kichwa kwa heshima, halafu akamuuliza dereva wake kama hicho ni Kihunde, lugha ya kwetu.

Dereva akacheka, na maprof wengine wakacheka zaidi. Prof akaenda ubaoni. Alimpa mgeni chaki, akamwomba kwa ishara atuandikie sentensi moja ya kumbukumbu. Mgeni akaandika kwamba hakika atarudi Nyabiondo, na kwa hilo neno "hakika" akaandika "definately". Madawati yote yalishusha pumzi. Mikono ishirini ikapanda juu. Msichana mmoja akaenda ubaoni, akafuta ile a kwa kidole, akaweka i.

Prof alimpigia mgeni saluti. Mgeni alipoondoka, Prof alituambia, "Anasema kama maji ya muto. Lakini kuandika, mukono yake iko na homa."

Na Kiswahili chake mwenyewe! Barua zake kwa wazazi zilikuwa msitu. Alichanganya kila kitu, akaacha herufi njiani. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kumuuliza, alishangaa swali. "Kiswahili iko muema," alisema. "Inakusamehea. Kiingereza haisamehe, njo maana tunaivalia tai."

Chombo chake kikuu kilikuwa kamusi isiyo na jalada. Alikuwa nayo tangu ujana wake, na aliishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Lakini kamusi ile ilikuwa na shimo. Mbuzi wa Mama Prof aliwahi kuingia sebuleni akala kurasa zote za katikati ya "gate" na "grass". Mbuzi yule aliliwa Noeli ya mwaka uleule, ila kurasa hazikurudi. Kwa miaka mingi, maneno yote yaliyoangukia kwenye lile shimo Prof aliyaandika kwa kichwa chake. Na moja lilikuwa neno aliloliandika kila siku ya Mungu juu ya ubao, kabla ya tarehe, likapigiwa mistari miwili: "English Grammer".

Na e. Kwa miaka kumi na tisa.

Aligundua jinsi gani? Shule ililetewa kasha la vitabu, na ndani mlikuwa na kamusi mpya inayonukia gundi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza na kuondoka, lakini prefe alinisimulia. Prof alifungua moja kwa moja kwenye G, kwa furaha, kama mtu anayekwenda kuwasalimia ndugu asiowajua. Alisoma kurasa mbili akitabasamu. Akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha. Neno lilikuwa na a. Na Kifaransa, ndugu wa Kiingereza ambaye Prof alikuwa akitutuma kwake kila mara tukipata shida, kilikuwa kinampigia kelele siku zote hizo: "grammaire", na a yake wazi kabisa.

Prof mwingine angebadilisha herufi kesho yake na kuendelea na maisha. Huyu alikwenda kwa mchungaji kuomba nafasi ya kutangaza Jumapili.

Mama yangu alikuwa kanisani. Anasema Prof alipanda mbele akiwa amevaa koti, amelifunga vifungo vyote, uso wa matanga.

"Ndugu zangu," akaanza, "niko na kitu ya kuungama. Miaka kumi na tisa nilibadanganya batoto benu."

Mama Prof, aliyekuwa kwenye kwaya, aliweka chini kitabu cha nyimbo.

"Nilianguka katika kosa moja. Nililirudilia kila siku, muchana, mbele ya batoto, bila haya."

"Yesu wangu," mama mmoja akasema nyuma. Mchungaji akasogea karibu, mkono tayari, hajui kama ni wa kumwombea au wa kumshusha.

"Na batoto bamoja," Prof akaendelea, sauti inavunjika, "balishaibeba ile kosa mpaka kwa nyumba zabo."

Hapo wanaume wawili walisimama.

"Ni herufi," akasema Prof. "Ilikuwa a. Mimi nilibapatia e."

Mama anasema kicheko kilianzia kwa wazee, na hilo ndilo alilolishangaa. Mama Prof hakucheka. Hakuzungumza na mumewe siku mbili, na aliwaambia majirani kwamba amemsamehe kosa lenyewe. Hajamsamehe alivyoanza kulieleza.

Baada ya hapo Prof alianza kutembea. Alikwenda nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Alimkuta dereva wa pikipiki anatengeneza gurudumu, akamwandikia neno kwenye vumbi la barabara. Alimkuta mama wa watoto wanne anapalilia, akamwomba jembe, akaliandika kwenye udongo. Wengi wao hawakuwa wameliandika neno hilo tangu walipotoka shuleni na hawakutegemea kuliandika tena. Walimshukuru hata hivyo, wakampa ndizi.

Mimi nilikuwa Itebero, msituni Walikale. Shangazi yangu aliolewa huko, shule yao ilikosa mtu wa Kiingereza, wakaniita. Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha. Darasa langu lilikuwa la mbao, na ukutani nilikuwa nimeandika kwa chokaa, herufi kubwa kama kuku, kichwa cha somo kama nilivyofundishwa.

Asubuhi moja nilisikia wanafunzi wananong'ona. Mlangoni alisimama mzee mwenye matope mpaka magotini, koti amelifunga kichwani kama kitambaa. Kwanza sikumtambua. Ametoka Nyabiondo kwa pikipiki, pikipiki ikakwama, akaendelea kwa miguu, akalala njiani mara tatu. Hakunisalimia. Aliangalia ukuta, akafunga macho.

"Mwanangu," akasema, "ni batoto ngapi banasoma hapa?"

"Arobaini na wawili, Prof."

"Na mwaka ilipita?"

"Thelathini na nane."

Akahesabu kwa midomo. Kisha akawageukia wanafunzi wangu. "Batoto, mimi njo mwalimu ya mwalimu wenu. Pale kwa ukuta kuko kosa. Ilitoka kwangu mimi. Yeye hana kosa, alinisikiliza tu."

Aliomba kisu, akapanda kwenye dawati, akaikwangua ile e mpaka ubao ukabaki mweupe. Akaomba chokaa akaweka a. Nilisimama chini nimeshika dawati lisiyumbe. Nilikuwa na aibu, kwa kweli, aibu ya kurekebishwa mbele ya darasa langu. Aliposhuka nilimwambia kwa sauti ndogo, "Prof, siku tatu za msitu kwa herufi moja?"

"Kosa ya mwanafunzi inakufaka kwa kaye yake," akajibu. "Ya mwalimu inazalaka."

Mchana, akiwa amekwisha oga na kula mboga ya sombe ya shangazi, nikamwonyesha daftari langu la maandalio ya masomo, nikitaka kumfurahisha. Mukaguzi wa shule alikuwa amepita wiki mbili kabla na kunisifia kwa wino mwekundu. Prof akavaa miwani akasoma. Mukaguzi alikuwa ameandika: "Very good grammer."

Prof aliinua uso polepole. "Huyu mukaguzi, alisomea wapi?"

Nilitamani kudanganya. "Nyabiondo, Prof. Alisema ulimufundisha mwaka ya tatu mpaka ya sita."

Akakaa kwenye benchi. Alikaa muda mrefu, daftari magotini, nikafikiri analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe alikuwa anacheka, na kicheko kilipomtoka kilimfukuza kuku wa shangazi kutoka chini ya meza.

"Basi alinisikiliza muzuri!" akasema. "Alinisikiliza muzuri sana, ule mutoto!"

Kesho yake alidamka alfajiri kumtafuta mukaguzi. Alimkuta, na nasikia walikaa siku nzima pamoja, mmoja anasoma ripoti za zamani, mwingine anasahihisha.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa vakansi kubwa ya mwaka jana, likizo ndefu ya shule, kijijini Karuba. Amekwisha acha kazi. Mama Prof alitangulia kwa Mungu, na binti yao mkubwa, anayefuga ng'ombe kule mlimani, akamchukua kwake. Nilimkuta ameketi uani juani, blanketi mapajani. Masikio yamekuwa mazito na miguu haina haraka tena. Tulizungumza kuhusu maziwa, kuhusu barabara, kuhusu nani alikufa. Halafu akanitazama kwa jicho la ujanja.

"Uko na karatasi?"

"Niko nayo, Prof."

"Unipigie dikte. Maneno kumi. Na usinionee huruma."

Nikampigia. Aliandika ameinamia goti, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na kila neno alilisema mara mbili chinichini. Binti yake alikuwa jikoni anasonga bukari, mlango wazi, anatusikiliza.

Nikachukua biki nyekundu. Moja, vizuri. Mbili, vizuri. Maneno manane ya kwanza yalikuwa safi, mwandiko umenyooka kama zamani. Neno la tisa lilikuwa "cupboard". Alikuwa ameandika "cuboard". Ile p haikuwapo.

Biki ilisimama mkononi mwangu. Niliinua macho, nikakutana na ya binti yake mlangoni. Alikuwa ameelewa. Akatikisa kichwa kidogo: achilia. Prof alikuwa anatazama mlima kwa makusudi, kama wanafunzi wanavyotazama pembeni kazi yao ikisahihishwa, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la blanketi.

Nikapiga mstari mwekundu. Nikaandika tisa juu ya kumi, nikampa.

Alitazama karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Reklamasio," akasema, kama mwanafunzi anayepinga alama zake.

"Hakuna reklamasio."

"Ile p ilikuwa inakuja. Biki iliruka."

"Biki haikuruka, Prof. Na hiyo karatasi," nikasema, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile yangu ya darasani Jumatatu asubuhi, "uende uisainishe kwa muzazi, uniletee."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. Kisha mzee yule akaweka blanketi pembeni, akashika ukuta, akainuka. Alivuka ua hatua kwa hatua mpaka mlango wa jikoni, akasimama mbele ya binti yake aliyejaa unga mpaka kwenye viwiko, na akainamisha kichwa.

"Mama," akasema, "saini hapa."

Binti alipangusa mikono kwenye kitenge. Alichukua karatasi, akaiangalia juu mpaka chini, akakunja uso.

"Tisa?" akauliza. "Na ile moja uliipeleka wapi?"

Prof akajikuna kisogo.

"Ni mwalimu, Mama. Alisoma mbio."